Una nafasi kiasi gani? Mwongozo kamili wa kupima udahili wa uhandisi kwa mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) wa Tanga

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, swali linalozunguka mjini Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Mikanjuni, ni hilohilo: kwa alama hizi, uhandisi nitapata? Wengi wanataja Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wachache wanataja MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Majibu wanayopewa ni ya aina mbili: "wewe omba tu, Mungu atajua", au "kule hawaendi watoto wa akina sisi". Jibu la kwanza humfanya kijana ajaze kozi za juu tupu na kubaki mikono mitupu. La pili humzuia kuomba mahali ambapo huenda angepokelewa.

Nafasi ya kudahiliwa inapimika. Huwezi kuipata kwa uhakika wa asilimia mia, lakini unaweza kujua kama uko karibu, uko mbali, au hauko kabisa kwenye hesabu. Kanuni ninayowapa vijana ni moja: usijipime na jina la chuo, jipime na watu mnaogombea viti vilevile. Hao ni wenye kombi, yaani mchepuo wa masomo, kama yako, uraia kama wako, na mfuko kama wa kwenu. Mengine yote hapa chini yanatoka humo.

Hatua ya kwanza: hesabu pointi zinazokuhusu

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa hiyo tukae kidogo.

Baraza la Mitihani, yaani Necta, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wanahesabu pointi kwa kinyume. Kwa Necta, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na ukiwa na pointi chache ndiyo umefaulu zaidi. Divisheni wani ya kidato cha sita ni pointi 3 hadi 9. Kwa TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na pointi nyingi ndiyo heri. Tena TCU haitazami divisheni yako. Inatazama masomo ambayo kozi yenyewe imeyataja.

Chukua wanafunzi wawili wa darasa moja, wote PCM. Wa kwanza ana Fizikia C, Kemia B, Hisabati D. Wa pili ana Fizikia B, Kemia E, Hisabati B. Kwa Necta wa kwanza ana 3 na 2 na 4, jumla 9. Wa pili ana 2 na 5 na 2, jumla 9. Wote ni divisheni wani ya pointi tisa, na nyumbani kwao wote wamepikiwa pilau. Sasa wapeleke kwenye kozi ya uhandisi inayotaka Fizikia na Hisabati. Wa kwanza ana 3 na 2, jumla 5. Wa pili ana 4 na 4, jumla 8, kati ya 10 zinazowezekana. Hawa wawili hawako foleni moja hata kidogo, ingawa vyeti vyao vina divisheni ileile.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi: Fizikia yangu, Hisabati yangu, jumla yake. Kemia iandike pembeni, kwa sababu ina uzito wake ukiomba uhandisi wa kemikali, na kozi nyingine huitaka walau kwa kiwango cha chini. Hiyo jumla ndiyo namba yako ya kutembea nayo. Kama bado uko kidato cha tano au cha sita, tumia matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, na ushushe daraja moja kwenye somo ambalo unajua ulibahatisha.

Hatua ya pili: usome mwongozo wa TCU kama mkataba

Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili kwa wenye cheti cha kidato cha sita, na mwingine kwa wenye stashahada. Upo kwenye tovuti yao, bure. Wengi huupakua, wakatafuta jina la chuo, wakaona kozi ipo, wakafunga. Kila kozi ina mstari wake, na ndani ya mstari huo kuna mambo matatu ya kukutoa jasho: sifa zinazotakiwa, pointi za chini za kuingilia, na idadi ya nafasi.

Kigezo cha chini kabisa cha TCU kwa shahada ya kwanza ni prinsipo mbili, yaani E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayoihusu kozi. Chuo kinaweza kuweka kigezo chake juu ya hapo. Lakini elewa vizuri: kigezo cha chini ni ruhusa ya kuingia kwenye ushindani, hakina ahadi ya kuchukuliwa. Waombaji wenye sifa wakiwa wengi kuliko viti, chuo kinawapanga kwa ufaulu na kuanza juu kushuka, na viti vikiisha vimeisha. Mwenye pointi 4 kwenye kozi yenye kigezo cha 4 anaweza asipate, na hakuna aliyemwonea.

Ndiyo maana safu ya idadi ya nafasi ina thamani kubwa. Ukikuta uhandisi wa umeme wa chuo fulani una nafasi chache na uhandisi mwingine wa chuo hichohicho una nafasi mara mbili, na vigezo ni vilevile, basi mlango wa pili ni mpana zaidi kwako. Fanya hivyo kwa kila kozi unayoifikiria.

Hatua ya tatu: waulize waliopata, na waulize zaidi waliokosa

Vyuo vyetu hutangaza majina ya waliochaguliwa, lakini alama ya mtu wa mwisho kuingia huioni. Taarifa hiyo iko mitaani. Tafuta watu watano au sita waliomaliza mwaka jana na mwaka juzi, kutoka shule yako au shule jirani. Galanos, Usagara na Tanga Ufundi zina wahitimu kila kona ya mji huu, huwezi kuwakosa. Waulize vitu vitatu tu: uliomba kozi gani kama chaguo la kwanza, Fizikia na Hisabati ulipata ngapi, na ulipata au ulikosa.

Usiishie kwa waliopata. Aliyepo Mlimani atakwambia "mimi nilipata na C mbili", nawe utafurahi. Aliyekosa akiwa na C mbili hizohizo mwaka uleule yuko nyumbani, hakuna anayemuuliza, na yeye ndiye mwenye taarifa inayokusaidia. Ukipata mmoja aliyeingia na B na C, na wawili waliokosa na C na C, kwa kozi ileile, sasa una picha ya mahali mstari ulipopita.

Mstari huo husogea. Mwaka ambao ufaulu wa Hisabati umepanda nchi nzima, nao unapanda. Kwa hiyo jipe nafasi ya pointi moja: kama waliopata mwaka jana walikuwa na 6, wewe mwenye 7 uko vizuri, mwenye 6 uko ukingoni.

Hatua ya nne: vijue vyuo vyenyewe, visiwe majina tu

Mlimani ndicho chenye historia ndefu zaidi ya shahada za uhandisi: kitivo cha uhandisi kilianza mwaka 1973. Uhandisi wa ujenzi, mitambo, umeme, viwanda na kemikali uko chini ya ndaki ya uhandisi, CoET, na kozi za kompyuta na mawasiliano ziko kwenye ndaki ya CoICT, kule Kijitonyama. Ushindani wake ni mkali kwa sababu kila mwenye alama nzuri anaanzia hapo.

DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, na hadi leo mkono wa karakana unaonekana kwa wahitimu wake. MUST ya Mbeya ni chuo kikuu kamili cha sayansi na teknolojia, na vijana wetu wa pwani huikwepa kwa sababu ya umbali na baridi tu, jambo linalonisikitisha. Umbali huo umewapa wengine nafasi ambayo hapa tuliiacha. Chuo cha Ufundi Arusha kiko karibu zaidi kwetu kuliko Mbeya. Kisha kuna milango ambayo watu hawaihesabu kuwa ya uhandisi: Chuo Kikuu Ardhi kwa uhandisi wa mazingira, SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa umwagiliaji na rasilimali za maji, Chuo cha Maji pale Ubungo, chuo cha taifa NIT kwa usafirishaji, chuo cha bahari DMI kwa mambo ya meli. Mtoto aliyekulia mji wa bandari asiyejua kwamba kuna chuo cha bahari Dar es Salaam amepungukiwa na taarifa.

Kabla hujaiweka kozi yoyote kwenye orodha, hakikisha kwamba shahada yake inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Bila kusajiliwa na bodi hiyo hutajiita mhandisi kisheria, hata uwe na shahada mbili.

Na hili la mafuta niliseme wazi. Tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, lianze kujengwa kuja Chongoleani, hapa Tanga, vijana wengi wa hapa wanataka uhandisi wa petroli. Nawaelewa, mradi wanauona kwa macho. Lakini tazama kazi zenyewe zinazofanyika pale. Yale mafuta ni mazito kama nta, lazima bomba lipashwe moto njia nzima ili yatiririke, na hiyo ni kazi ya mhandisi wa umeme. Pampu, valvu na matangi ni ya mhandisi wa mitambo. Gati ni la mhandisi wa ujenzi. Wenye shahada ya petroli wanahitajika zaidi kule visima viliko, na visima viko Uganda. Aliyesoma umeme au mitambo ataajirika Chongoleani, kwenye viwanda vya saruji, kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na bandarini. Ukiwa na pointi za kuchagua, chagua shahada pana.

Hatua ya tano: kama macho yako yako Marekani

Nianze na lililo gumu. Mwishoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza vizuizi vya viza vilivyoigusa Tanzania, viza za wanafunzi zikiwemo. Kabla hujalipa shilingi moja ya mtihani au maombi, angalia tovuti ya ubalozi wao Dar es Salaam ujue hali ikoje siku hiyo. Naendelea kueleza kwa sababu aliye kidato cha tano leo ana muda mbele yake, na kwa sababu njia hii ya kupima inafaa pia kwa vyuo vya kimataifa vya nchi nyingine, kama Ashesi ya Ghana, yenye shahada za uhandisi.

Sasa hesabu. MIT hupokea chini ya watu 5 katika kila waombaji 100. Stanford na Caltech nao wako chini ya 5. Lakini hiyo ni namba ya wote, Wamarekani wakiwemo. Kwa wanaotoka nje, MIT iko chini ya 3 kwa 100, na waliopokelewa kwa mwaka hawafiki 200 kwa dunia nzima. Mstari wako wewe ni huo wa pili. Unagombea na kijana wa Nairobi, wa Hanoi na wa Bucharest, wengi wao wakiwa na medali za mashindano ya Hisabati ya kimataifa.

Unapata wapi namba kama hizi kwa chuo kingine? Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka waraka unaoitwa Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo mtandaoni, utaupata. Ni mrefu, lakini wewe nenda sehemu nne. C1 inaonyesha walioomba na waliopokelewa. C7 inaonyesha chuo kinathamini nini: alama za shule, mtihani, insha, barua za walimu, shughuli. C9 inaonyesha alama za SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea chuo, za wanaoingia. H6 inaonyesha wanafunzi wangapi wa kigeni walipewa msaada wa fedha, na kwa wastani kiasi gani. Kwa Mtanzania wa familia ya kawaida, H6 ndiyo ya kuanza nayo. Ukikuta chuo chenye maelfu ya wanafunzi kimewasaidia wageni wachache tu, kifute, hata kama alama zako zinakitosha.

Maana fedha ndiyo inayokata wengi kule. Vyuo viko makundi matatu. La kwanza ni vile ambavyo haviangalii uwezo wako wa kulipa wakati wa kukuchagua, hata kama ni mgeni, na ukichaguliwa vinajazia upungufu wote: MIT, Harvard, Yale, Princeton, Dartmouth, Brown, Amherst na vingine vichache. La pili ni vile vinavyokusaidia kikamilifu ukichaguliwa, ila kuomba msaada kunaweza kupunguza nafasi yako ya kuchaguliwa: Stanford, Caltech na Cornell wako humu. La tatu ni vyuo vikubwa vya umma vyenye sifa kubwa ya uhandisi, kama Georgia Tech, Berkeley na Purdue, ambavyo kwa mwanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza havina msaada wa kutosha. Vinakubali watu wengi zaidi kwa asilimia, na hilo huwapumbaza vijana. Kukubaliwa na chuo usichoweza kukilipia hakukufikishi darasani.

Angalia pia unaingilia mlango upi. MIT inakupokea chuoni, fani unachagua baadaye. Cornell unaomba moja kwa moja kwenye kitivo cha uhandisi. Princeton unatamka mapema kama unaelekea shahada ya uhandisi. Kwenye vyuo vikubwa vya umma, sayansi ya kompyuta inaweza kuwa ngumu mara kadhaa kuliko uhandisi wa ujenzi wa chuo hichohicho.

SAT siku hizi inafanywa kwa kompyuta, muda wa saa 2 na dakika 14, na alama za juu ni 1600, nusu Hisabati na nusu Kiingereza. MIT na Caltech wanaidai. Kwa MIT, nusu ya kati ya wanaoingia hupata kati ya 780 na 800 kwenye Hisabati. Hisabati yenyewe ni nyepesi kuliko ile ya kidato cha sita, na mwanafunzi wa PCM aliyekaa na mazoezi anaifikia. Kinachowaangusha vijana wetu ni sehemu ya kusoma, kwa hiyo anza kusoma makala ndefu za Kiingereza kila siku ukiwa kidato cha tano. Mazoezi ya Khan Academy ni bure, bando tu. Gharama ya mtihani kwa anayefanyia nje ya Marekani hupita dola 100, na vituo haviko kila mkoa, kwa hiyo piga hesabu ya nauli na malazi pia.

Jambo lingine ambalo halisemwi: kalenda. Maombi hufungwa Novemba kwa wa mapema na mwanzoni mwa Januari kwa wengine, na majibu hutoka kufikia mwishoni mwa Machi. Mtihani wako wa Necta ni Mei. Ukiomba ukiwa kidato cha sita, watakaosoma faili lako hawataona cheti chako cha kidato cha sita. Wataona matokeo ya kidato cha nne, ripoti za shule na makadirio ya walimu. Mwenye A za kidato cha nne aombe wakati huohuo. Ambaye kidato cha nne kilimwendea kombo kisha akang'ara cha sita, heri asubiri matokeo, aombe mwaka unaofuata akiwa na cheti mkononi.

Barua za walimu zinaumiza watoto wetu bila mtu kukusudia. Mwalimu wetu, kwa heshima zote, huandika mistari mitatu: mwanafunzi huyu ana nidhamu, anafanya bidii, namtakia kila la heri. Kwa msomaji wa kule hiyo haisemi kitu. Mwendee mwalimu wako wa Fizikia mapema, kwa adabu, umpelekee karatasi yenye mambo mawili matatu aliyoyashuhudia mwenyewe: lile jaribio uliloling'ang'ania maabara mpaka likakubali, wale wa kidato cha tatu uliowafundisha umeme. Mwombe ayasimulie hayo.

Na shughuli zako nje ya darasa usizidharau. Fomu ya pamoja ya maombi ya vyuo vya Marekani, Common App, inakupa mistari 10 ya shughuli, kila mmoja kwa herufi zisizozidi 150. Kijana mwenye mjomba fundi wa mashine za boti pale Deep Sea huandika "Nasaidia kutengeneza mashine za boti", basi. Hebu aandike hivi: "Natengeneza mashine za boti na mjomba kila Jumamosi; daftari langu la mafuta la boti 3 lilitusaidia kubaini plagi chafu." Kazi ni ileile, lakini sasa msomaji anamwona mhandisi. Kuuza duka la mama, kulea wadogo zako, kuvuta maji kwa pampu uliyoitengeneza upya, vyote vinaandikika. Ila viwe vya kweli.

Ukishafanya yote haya, jiambie kweli: kwa vyuo vya aina ya MIT, hata mwenye kila kitu bado yuko kwenye fungu la mbali. Viombe viwili vitatu kwa moyo wote, usivijengee maisha.

Hatua ya sita: pesa, kwa vyuo vya hapa

Keti na wazazi mpige hesabu ya mwaka mmoja: ada, malazi, chakula, mafunzo kwa vitendo, kompyuta. Kisha jiulizeni, mkopo usipotoka, tutaweza nini? Jibu hilo linabadilisha orodha yako kuliko alama.

Maombi ya Bodi ya Mikopo yana dirisha lake, tofauti na la chuo, na wapo wanaopata chuo halafu wakakosa mkopo kwa sababu ya karatasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iwe na namba yake. Mdhamini awe na kitambulisho cha NIDA. Elewa pia kwamba ni mkopo kweli: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa mpaka deni liishe. Waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi watazame Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, ambayo ni ufadhili wala hairudishwi.

Kwa vyuo vya nje, fomu za msaada huuliza kipato cha wazazi. Baba mvuvi au mama lishe hana hati ya mshahara, na hilo lisiwatishe. Barua ya serikali ya mtaa inayoeleza kazi na kipato cha makadirio, ikiambatana na maelezo yenu ya ukweli, ndiyo njia ya kuanzia, na chuo kikitaka zaidi kitauliza.

Hatua ya saba: gawa orodha yako mafungu matatu

Chora mistari. Fungu la mkononi ni kozi ambayo pointi zako zinawazidi waliopata mwaka jana kwa pointi moja au zaidi, na pesa yake mnaimudu hata mkopo ukichelewa. Fungu la kati ni ile ambayo uko sawa nao, au unawazidi ila pesa ina mashaka. Fungu la mbali ni yote yaliyobaki. Kozi ikikidhi alama lakini isikidhi pesa, haiwi ya mkononi, hata iwe rahisi vipi.

Kila mwombaji awe na angalau mbili za mkononi ambazo angezisoma kwa moyo. Ukiweka kozi usiyoitaka kama akiba, utaipata hiyohiyo na utakaa nayo miaka minne.

Mwenye pointi 5 yule wa mwanzo, mwenye Kemia B, asikimbilie umeme Mlimani. Uhandisi wa kemikali, mazingira au umwagiliaji ni mahali ambapo huenda akasimama vizuri zaidi. Yule wa pointi 8 aanze na kozi anayoipenda hasa, maana kwake milango mingi iko wazi.

Na stashahada isidharauliwe. Aliyemaliza stashahada ya uhandisi akiwa na wastani wa alama, yaani GPA, wa 3.0 au zaidi, na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, ana sifa ya msingi ya kuomba shahada. Anafika chuo kikuu akiwa ameshashika spana na multimita. Kwa kijana wa kidato cha nne mwenye mikono na aliyechoshwa na nadharia, mimi humshauri njia hii bila kusita, mzazi akinuna nitaongea naye.

Hatua ya nane: kuomba bila kupoteza ulichopima

Wengi huomba stesheneri, na hakuna ubaya. Ubaya ni kumwachia mwenye stesheneri barua pepe yake, nywila yake na namba yake ya simu. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa uthibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa. Ikienda kwenye simu ya stesheneri, nawe hujui, kiti chako kinaweza kuondoka. Fungua barua pepe yako mwenyewe, laini iwe yako au ya mzazi, na nywila iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Namba ya mtihani iandikwe kama ilivyo kwenye matokeo, mkwaju kwa mkwaju.

Kumbuka pia JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kambini baada ya mtihani, na matokeo mara nyingi hutoka ungali huko, ambako simu haipatikani kirahisi. Kabla hujapanda basi pale Kange, kaa na mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, dada, kaka au shangazi mwenye simu janja, umwachie orodha yako ya mafungu matatu na mpangilio wa machaguo, kwa kila kiwango cha matokeo: nikipata 8 jaza hivi, nikipata 6 jaza hivi, nikipata 4 jaza hivi. Mtu huyo asiachiwe kubuni.

Ukikosa awamu ya kwanza, usikae. Dirisha la pili hufunguliwa kwa kozi zenye nafasi zilizobaki. Chukua orodha hiyo, iweke kando ya pointi zako, rudia hatua ya pili na ya saba, na uombe siku za mwanzo, kabla mtandao haujaelemewa.